Mkaa, Chumvi na Magome

Mjukuu wangu alirudi jana kutoka dukani kwa Ramadhani na tyubu ya dawa ya meno nyeusi. Nyeusi tii, kama masizi. Ameinunua kwa bei ya kuku mzima, tena kuku wa kienyeji, halafu ananisomea maandishi ya kwenye boksi kwa furaha kana kwamba ananiletea majibu ya mtihani. "Bibi, ina mkaa halisi! Ya asili kabisa!" Nikamwambia anipe niinuse. Nikafungua kifuniko, nikaminya kidogo kidoleni, na pale pale kwenye kochi hasira zikanipanda. Sikumkasirikia yeye, maana kosa lake ni kuwa na hela za kuchezea tu. Nilimkasirikia mama yangu, aliyelala kaburini miaka mingi sasa, na mwisho nikajikasirikia mwenyewe kuliko wote.

Wenzangu wa umri wangu mliokulia huku juu, mnaukumbuka mkaa mdomoni. Enzi za Mwingereza nyumba nyingi zilisugua meno kwa kijiti, mtu akatema, akasukutua, akaenda shambani, mambo yakaisha. Kwetu hayakuisha hivyo. Kwetu kulikuwa na dawa. Mama ndiye aliyeitengeneza, na mimi ndiye niliyeitwanga, kwa sababu kaka zangu walishaondoka nyumbani na paka hajui kushika mchi.

Mama alikuwa mtu wa kubana. Njiti ya kiberiti aliipasua katikati kwa wembe zikawa mbili, na moja kati ya hizo mbili kwa kawaida haikuwaka. Dukani Njombe kulikuwa na dawa ya meno ya tyubu, imelazwa kwenye kabati la kioo pamoja na poda na pini za nywele. Kila tulipokwenda kuuza maharage nilisimama mbele ya kabati lile mpaka mama aliponivuta mkono. "Mate unayo, mkaa tunao," alisema. "Unataka nini tena?" Nilitaka ile tyubu. Nilitaka kinywa changu kinuke peremende kama cha binti wa mchungaji, aliyenipumulia siku moja usoni ili tu nijue ninachokikosa.

Basi tulitwanga. Mkaa ulipaswa kuwa wa mwati, ule mti unaopandwa kwa ajili ya magome yake, na mwati uliokauka vizuri, kwa sababu mwati mbichi, kwa maelezo ya mama, unatoa mkaa mvivu. Nilikaa nje alfajiri, jalidi, ule umande ulioganda, imetanda kwenye majani, vidole vimekufa ganzi, nikatwanga kwenye kinu kidogo huku vumbi jeusi likinipanda puani. Tulichekecha kwa kipande cha kanga kuukuu, tukatia chumvi iliyokaangwa, kisha ikaja karafuu. Karafuu moja kwa kopo zima, lile lililokuwa la majani ya chai. Sijui mama alifikiri karafuu ile moja ingefanya kazi gani peke yake mle ndani. Nilikwenda shule na weusi pembeni mwa midomo, na wenzangu wakaniita Chungu. Nilipomlalamikia mama alisema chungu kinapika, wao wanapika nini?

Kuna jambo jingine lazima niliseme, maana bila hilo mtaniona nina hasira za bure. Mama hakucheka bila kufunika mdomo. Akicheka, akiongea na mgeni, hata akiimba kanisani, kiganja au ncha ya kanga ilikuwa imeshafika mdomoni. Nikiwa mdogo kabisa nilimuuliza kwa nini. "Ni adabu," alinijibu. "Mwanamke hawachekei watu meno nje." Nikaridhika. Jumapili nikawachunguza kina mama wengine wa usharika wetu, nikaona wanacheka vinywa wazi mpaka koo linaonekana, nikajua kumbe hawana adabu. Niliwahurumia watoto wao. Nami nikaanza kufunika mdomo, nikawa mtoto mwenye adabu kuliko wote kijijini, na mwalimu wetu akachoka kuniambia nisome kwa sauti inayosikika.

Mtasema, inawezekanaje mtoto asijue mdomo wa mama yake ulivyo? Inawezekana sana. Nyumba ilikuwa na giza, alikula amegeukia moto, na hakuna mtoto anayemkagua mama yake kama ng'ombe wa mnadani. Nilijua ana pengo. Kila mtu mzima niliyemjua alikuwa na pengo. Zaidi ya hapo sikujua.

Shule ya kijijini kwetu iliishia darasa la nne. Baada ya hapo msichana alipewa jembe, na baada ya jembe mume. Mwaka ule nilipomaliza, mchungaji alikuja na barua kutoka shule ya bweni ya wasichana ya misheni. Nimeitwa. Sijachukuliwa bado, nimeitwa tu, nikaonwe Makambako, kwenye kanisa la pale njia panda, ambako walimu wangekuja na lori lao, wawapime wasichana, na wanaofaa wapande lori siku hiyo hiyo. Asiyefaa anarudi na mzazi wake, na hakuna kuitwa mara ya pili. Mchungaji akasoma masharti. Awe na blanketi. Awe na sanduku. Awe anasoma na kuhesabu vizuri. Awe msafi wa nywele, kucha na meno.

Masharti yote hayo, mama akasikia meno.

Jumamosi hiyo baba alirudi kutoka kambini. Alikuwa mchuna magome kwenye shamba kubwa la miwati, mikono yake ya kahawia mpaka kwenye viwiko, rangi isiyotoka kwa sabuni wala kwa majivu. Tukiwa tumekaa jikoni akaanza kusimulia kazi ya yale magome, kwamba maji yake yanapelekwa ng'ambo kukazia ngozi. "Ngozi laini kama sikio la mbuzi," alisema, "ikikaa mle inatoka soli. Unaivaa miaka."

Mama aliacha kukoroga ugali. "Na fizi je?"

"Fizi ndiyo nini?"

"Fizi. Nazo si ngozi?"

"We mwanamke, fizi za mtoto unataka kuzifanya soli?"

"Nataka zikaze," mama alisema, akaendelea kukoroga, nami nikajua shauri limeshapita. Baba alijaribu kucheka, akaona anacheka peke yake. Kesho yake alipokuwa anaondoka aliniambia mlangoni, kwa sauti ya chini, "Mimi nasugua kwa kijiti. Sitaki kuingizwa katika mambo haya." Huo ndio ulinzi wote nilioupata kutoka kwa baba yangu.

Sasa sikilizeni hesabu ya mama. Magome yanakaza, sawa. Lakini babu yake mzaa mama alikuwa Mpangwa wa upande wa Liganga, walikokuwa wakiyeyusha mawe na kufua majembe, na mama alikiamini chuma kupita kiasi. Mtoto mwenye homa alinyweshwa maji yaliyotumbukizwa jembe la moto. Kwa hiyo magome hayakuchemshwa kwenye chungu cha udongo kama dawa nyingine zote. Yalichemshwa kwenye chungu chetu cha chuma, kile chenye miguu mitatu, kutwa nzima, na kutu yake iliyokuwa pembeni ikakwanguliwa ikatumbukizwa humo humo, isipotee bure.

Maji yalianza mekundu. Jioni yalikuwa meusi. Mama aliyatazama akaridhika kweli kweli. Akayachanganya na unga wa mkaa, akaanika juu ya mfuniko, nikatwanga tena. Kwa vile ilikuwa ni kwa ajili ya shule, akatia karafuu mbili.

Ukakasi wa dawa ile siwezi kuusahau. Mashavu yaligandamana na ufizi, ulimi ukawa kama gome lenyewe. Nilisugua asubuhi na jioni, mama amesimama mbele yangu, naye anasugua ya kwake amenipa mgongo. Siku ya nne niliinama kwenye ndoo ya maji nikatabasamu ili nione maendeleo. Sikuona meno. Niliinama zaidi. Yalikuwepo yote, ila yalikuwa meusi, meusi ya bluu bluu, na niliposukutua hayakubadilika.

Nilipiga kelele. Mama akaja, akanishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye mwanga.

"Inashika," alisema, ameridhika.

"Mama, meno yamekuwa meusi!"

"Ngozi nayo kwanza inakuwa na rangi mbaya. Baba yako kasema. Kwanza inakaza, halafu inang'aa."

"Itang'aa lini?"

"Ikimaliza kukaza."

Nawaulizeni ninyi, mtoto angejibu nini hapo? Nilisubiri kung'aa. Nilisubiri siku ya tano, ya sita, ya saba. Siku moja kabla ya safari nilikwenda mtoni na majivu na mchanga, nikasugua mpaka mate yakatoka mekundu, na weusi ulikuwa pale pale. Niliporudi nalia, mama alikuwa anapanga sanduku langu. Ndani yake, katikati ya blanketi, alikuwa ameweka kopo zima la dawa ile, limejaa mpaka juu, limefungwa kitambaa. Ya kunitosha muhula mzima.

Tulipanda lori la magunia alfajiri. Ukungu ulikuwa mzito, mama alikaa na sanduku magotini, na njia nzima nilikuwa nikipanga namna ya kulitupa lile kopo tutakapofika darajani. Daraja lilifika, likapita. Sikuthubutu. Nilifunga mdomo tu, nikajiambia nitajibu kila swali nimeufunika. Kwani ni vibaya? Ni adabu.

Upepo wa Makambako haujabadilika tangu siku ile. Ulitupiga vumbi la barabara zote zinazokutana pale. Wazazi waliambiwa wakae nje chini ya upenu, wasichana tukaingizwa ndani ya kanisa. Mezani alikaa mama wa Kizungu mwenye daftari, na aliyesimama mbele yetu alikuwa Mwalimu Rahabu, Mbena kama sisi lakini amevaa viatu vyeupe, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Alinipa kitabu. Nikasoma, mkono mdomoni. Akanipa hesabu za kichwa, nikazijibu zote, mkono mdomoni. Niliona ameanza kupendezwa nami, na moyo wangu ukapanda.

"Sasa toa mkono," alisema.

"Ni adabu, Mwalimu."

"Adabu ya wapi hiyo?" Akanishika kifundo cha mkono, taratibu, akakishusha. "Fungua."

Nilifungua. Msichana aliyekuwa nyuma yangu alisema "Yesu!" Mwalimu Rahabu alirudi nyuma hatua moja.

"Umekunywa wino?"

"Hapana, Mwalimu. Ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya meno."

Wakacheka kanisa zima, hata wale waliokuwa wanatetemeka kwa woga. Mwalimu hakucheka. Aliniambia nikasimame kule mlangoni, na kule mlangoni walisimama mwenye mapunye na mwenye kikohozi, yaani wanaorudi nyumbani. Nikasimama nao. Niliona jembe langu, niliona na mpini wake.

Mama alikuwa amesikia kila kitu dirishani. Aliingia bila kuitwa, kopo mkononi. Alipiga magoti mbele ya Mwalimu kama anavyosalimia mwanamke wa kwetu, akasema, "Kamwene," na Mwalimu, na Kiswahili chake chote kile, akajikuta amejibu, "Kamwene." Kisha mama akaanza kuongea Kiswahili, kile chake cha sokoni, kwa sababu yule Mzungu alikuwepo na kwa mama Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya kuombea jambo. Na kabla ya kuongea, alishusha mkono wake mdomoni.

Meno manne ya mbele, ya juu, hayakuwepo. Fizi ilikuwa tupu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ya chini yalikuwa yameinamiana, na yote yaliyobaki yalikuwa meusi kama yangu.

"Mimi nimepika dawa," alisema. "Mtoto mchafu hapana. Anasugua kila siku, mimi naona. Mimi niangalie." Akafungua zaidi, akageuza uso upande wa dirisha, kisha upande wa meza ili na yule mama wa Kizungu aone vizuri. "Mtoto mmoja, jino moja. Kila mimba inaondoka na lake. Huyu wa mwisho, hili." Akaweka kidole mahali pasipokuwa na kitu. "Nilitaka ya kwake yakae."

Wasichana wote walikuwa wanamtazama mama yangu mdomoni. Na mimi, mtoto mwenye adabu kuliko wote kijijini, nilisema, "Mama, funga mdomo."

Nilisema kwa Kiswahili. Kibena nilikuwa nacho, lakini nilichagua Kiswahili, ili Mwalimu asikie na ajue kwamba mimi simo katika mambo ya mwanamke yule.

Mama alifunga. Mkono wake ukarudi pale pale ulipokuwa umezoea kukaa.

Mwalimu Rahabu alinitazama kwa muda ambao naona haujaisha mpaka leo. Halafu akanyoosha mkono, akapokea kopo, akalifungua, akanusa. Akauliza magome ya nini. Mama akajibu kwa kichwa chini kwamba ni ya miwati. Akauliza yamechemshwa kwenye nini. Mama akasema kwenye chuma, kwa ajili ya nguvu. Mwalimu aliketi kwenye benchi akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekutana na kitu cha zamani.

"Mama, hii kweli ni wino," alisema. "Wakati wa vita, wino ulipokosekana, sisi shuleni tulikuwa tunachemsha magome na misumari. Ni hii hii."

Akatia unga kidogo kwenye kifuniko, akadondoshea maji, akachukua kalamu mezani, akaichovya. Yule mama wa Kizungu aliuliza kitu kwa Kiingereza, Mwalimu akamjibu kwa maneno mawili matatu, akavuta daftari na kuandika jina langu. Yudita. Liliandikika vizuri kabisa, jeusi kuliko majina mengine yote.

"Meno tutayasafisha," alimwambia mama kwa Kibena. Kisha akanigeukia mimi, kwa Kiswahili. "Huo ulimi ndio utachukua muda."

Mngedhani mambo yameishia hapo. Hayakuishia. Mwalimu aliomba abaki na dawa ile kwa kazi ya shule, na mama akakubali, ila akataka kopo lake. Lilikuwa kopo zuri, lina mfuniko unaobana. Kwa hiyo lori la shule limewashwa, wasichana wamepanda, dereva anapiga honi, na mama yangu amesimama katikati ya kanisa anasubiri Mwalimu akung'ute unga mweusi kwenye gazeti, mpaka wa mwisho. Nilitamani ardhi inimeze. Ndiyo, hata baada ya yote yale, bado nilikuwa na nafasi ya kumwonea aibu.

Alinifikia nikiwa nimekanyaga ngazi ya lori, kopo tupu kwapani.

"Wamekuandika?" aliniuliza.

"Wameniandika."

"Kwa dawa yetu?"

"Kwa dawa yetu, mama."

Akaanza kucheka. Nilikiona kicheko kinavyoanzia machoni, na nikauona mkono wake unapanda kuja kukifunika. Ulipita karibu sana na wangu. Wakati ule nilishajua unafunika nini, na kwa ajili ya nani. Ningeweza kuushika, hata kwa kidole kimoja ungesimama. Sikuushika. Lori liliondoka, naye akabaki pale kwenye vumbi anacheka nyuma ya kiganja chake, na hivyo ndivyo alivyonichekea kila likizo niliyorudi, meno yangu meupe, mpaka alipokufa.

Mjukuu amesugua meno kwa ule mkaa wake wa bei ya kuku, amekuja kunionyesha. Nimecheka mpaka machozi yakanitoka. Akaniuliza, "Bibi, kwa nini unacheka umefunika mdomo, na meno yako yote yapo?"

Nikamwambia ni adabu.